Pumzi ya Bi Tundu

Shangazi yangu hamsabahi mtu kabla hajamuuliza tundu liko wapi. Ndiyo maana karakana nzima inamwita Bi Tundu. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwa watu wa hospitali na kwa baba yangu, ambaye ni kaka yake na hajawahi kumpa mtu jina la utani maishani mwake. Mimi namwita Shangazi, kwa sababu nimekaa kwake tangu nimalize shule, tunakula sahani moja, na namwogopa.

Kazi yetu ni kuchovya. Watu wanaleta mageti, ngazi, nguzo na ndoo, sisi tunavisafisha kwa tindikali, tunavisuuza, halafu tunavishusha kwa winchi ndani ya tangi la zinki iliyoyeyuka. Chuma kinaingia cheusi kinatoka cheupe, na kutu inabaki kukitazama kwa mbali. Anayepita barabarani akasikia ule mchemko hudhani tunakaanga. Sawa, tunakaanga, ila kwenye mafuta yetu ukitumbukiza kidole usitegemee kukitoa. Mimi kazi yangu ni kukaa mlangoni, kupokea vyuma na kuvifunga vibao vya bati ili geti la huyu lisiende kwa yule. Kwa hiyo kila anayeingia namwona, na kila anachokisema nakisikia. Sijaomba, ila nimejaliwa masikio.

Sasa lipo jambo ambalo wateja hawalipendi kabisa. Kitu chenye uwazi ndani, bomba kwa mfano, hakichovywi kikiwa kimezibwa huku na huku. Kwanza kinaelea. Zinki ni nzito, na geti la mtu mzima na heshima zake linaanza kuogelea juu yake kama bata, huku watu wanalisukuma chini kwa miti na kutukanana. Hiyo ndiyo siku njema. Siku mbaya ni ile ambayo ndani ya bomba limeingia tone la maji ya kusuuzia. Maji yakikutana na joto lile yanageuka mvuke, mvuke unatafuta mlango, na usipouona unautengeneza wenyewe. Shangazi ana kovu kutoka kiwiko hadi kiganja, na alilipata kwa mguu wa kiti. Wenzake wanajeruhiwa na majambazi, wengine na malori, yeye na mguu wa kiti uliozibwa na fundi mvivu.

Wakati huo alikuwa mfagiaji. Alipotoka hospitali alimfuata bosi ofisini, akamwambia kwamba kuanzia siku ile hakuna chuma kitakachoingia kwenye tangi kabla yeye hajaona tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Bosi ni mtu mwema, lakini anaogopa wanawake waliofungwa bandeji. Akakubali papo hapo, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Utaratibu wake ni huu. Bomba lililonyooka unachungulia tu. Ukiona mwanga upande wa pili, mambo safi. Lililopinda halichunguliki, kwa hiyo unapuliza. Shangazi anaweka mdomo kwenye tundu la huku, mwenye mali anainama na kuweka shavu kwenye tundu la kule, Shangazi anapuliza kisha anauliza: “Inapita?” Mwenye mali akisema inapita, mzigo unakwenda kwenye tindikali. Akisema haipiti, drili inaletwa. Neno la mwenye mali ndiyo sheria, maana shavu ni lake na geti ni lake. Bosi aliwahi kununua pampu ya upepo ili tuonekane watu wa kisasa. Shangazi aliizunguka akaitazama, akasema pampu haiwezi kumtazama mtu usoni. Siku hizi inajaza upepo baiskeli ya mlinzi.

Kuhusu kuwatazama watu usoni, alifundishwa na mumewe wa kwanza. Yule bwana alikuwa mpole, msafi, anakunja suruali yake kabla ya kulala, na alisafiri sana kikazi. Siku moja mama mmoja alibisha hodi nyumbani akiwa na mtoto mgongoni, akimtafuta mume wake. Shangazi alimkaribisha, akampa maji, akamtazama mtoto. Masikio ya yule mtoto yalikuwa yale yale ambayo Shangazi alikuwa anayaona kila siku kwenye mto wa pili kitandani kwake. Hakukuwa na haja ya maelezo zaidi. Tangu siku hiyo, mtu akimtajia kuolewa tena alikuwa anajibu hivi: “Nilikaa miaka na mtu nisijue ndani mwake mna nini. Sirudii.” Akishasema hivyo, ujue mazungumzo yamekwisha na chai imepoa.

Hapo ndipo alipoingia Fundi Mshono.

Fundi Mshono ni mchomeleaji, ana kibanda chake mtaa wa nyuma, na ni mgane. Mkewe alifariki zamani na hawakujaliwa watoto. Jina lake limetokana na mshono wake wa kuchomelea. Kweli, tusinyimane haki, ukifumba macho ukapitisha kidole hujui vyuma viwili vimekutana wapi. Tatizo ni kwamba na yeye anajua. Siku ya kwanza alileta ngazi ya mabomba ameibeba mwenyewe begani, hataki vibarua waiguse, akailaza chini taratibu kama mtoto aliyesinzia. Shangazi akaizunguka.

“Tundu liko wapi?”

“Tundu la nini?”

“La kupitisha hewa.”

“Bibie, mimi ni fundi wa ngazi. Filimbi wanatengeneza wengine.”

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Akamgeukia mzee wetu wa tindikali, ambaye kwa kukaa na ile dawa tangu ujana naye tunamwita Tindikali, akamwambia alete drili.

“Usitoboe hapo!” Fundi alipiga kelele. “Hapo ndipo kwenye mshono wangu!”

“Mshono wako nimeuona,” Shangazi akamjibu. “Ni mzuri. Umeziba vizuri kama jeneza. Lakini mimi sijafika siku ya kuzikwa.”

Ngazi ikatobolewa. Fundi alikuwa anakunja uso kila drili ilipozama, utadhani inatoboa jino lake. Kisha akaelekezwa aweke shavu kwenye tundu. Alikataa kwanza. Alisema yeye ni mtu mzima, hapigi magoti sakafuni mbele za watu. Tindikali akamkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi akainama, akaweka shavu, na Shangazi akapuliza.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, na ninachokisema nimekiona. Uso wa yule bwana uliokuwa umekunjamana ulikunjuka wote mara moja. Macho yakafumba, mdomo ukabaki wazi kidogo.

“Inapita?” Shangazi akauliza.

Fundi akalibana shavu zaidi kwenye tundu.

“Fundi! Inapita?”

“Sijasikia vizuri.”

“Hewa haisikilizwi, inahisiwa.”

“Basi sijahisi vizuri.”

Shangazi akavuta pumzi, akapuliza tena, safari hii mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Fundi akakaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa, naam, inapita.

Kuanzia hapo tukawa hatupumui kwa ajili ya Fundi Mshono. Alileta ngazi nyingine. Alileta reki yenye mpini wa bomba. Alileta kigoda, tundu la kuku, fremu ya kioo, na siku moja akaleta fimbo ya kutembelea, ya chuma, nzito kiasi kwamba mzee yeyote angeanguka nayo. Nikamuuliza ni ya nani ili niandike kibao. Akasema ni ya mzee mmoja. Mzee gani? Mzee mmoja tu. Na vyote vilikuja na matundu safi kabisa, mengine ameyapiga msasa, mtu yule yule aliyekuwa analia juu ya mshono wake. Lakini kila Shangazi akipuliza mara ya kwanza, jibu ni lile lile: “Haipiti.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Karakana nzima ilijua. Tindikali alisema yule bwana siku hizi ananyoa shavu moja kwa bidii kuliko jingine, na tulipomchunguza tukaona ni kweli. Wa winchi walikuwa wanashindana kubashiri kama leo itapita mara ya pili au ya tatu. Shangazi peke yake ndiye alikuwa analalamika kwa dhati.

“Mwanangu,” aliniambia tukiwa tunapika, “yule fundi anajua kuchomelea lakini kutoboa hajui. Leo nimepuliza mpaka kizunguzungu.”

“Pole, Shangazi.”

“Mabomba yake yana shida gani?”

“Sijui, Shangazi. Labda shida haiko kwenye mabomba.”

Akanitazama. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu haraka. Ila niliona kwamba kwenye dirisha la bafu kumetokea kichupa cha mafuta ya midomo ambacho hakikuwepo. Nilipomuuliza alisema midomo inakauka kwa kazi. Na tangawizi anayotafuna asubuhi je? Ya kusafisha koo, kwa kazi vile vile. Nikasema kazi njema.

Siku moja Fundi alikuja kunitafuta mlangoni bila mzigo wowote, jambo ambalo lilinitisha. Akasimama akizungusha kofia yake mikononi.

“Dada mdogo, shangazi yako ana mtu?”

“Hana.”

“Atakubali mtu?”

Nikamweleza habari za yule msafiri wa suruali za kukunja, na mtoto mwenye masikio. Nikamwambia ukweli usio na sukari: “Sura yako hataijali, na ufukara wako hataujali. Kitu asichoweza ni uongo. Ukimdanganya hata kidogo umekwisha.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akaniambia anatengeneza nguzo ya geti la nyumbani kwake, kazi ambayo hajapata kuifanya. Ikishatoka kwenye zinki, atamwambia neno lake mbele ya nguzo hiyo. Nilifurahi hadi nikamwonea huruma. Ningekuwa na akili ningemkumbusha hapo hapo kwamba tayari alikuwa amekwisha kumdanganya, na mara ngapi.

Nguzo ilifika. Jamani, niseme nini. Ilikuwa bomba nene lililonyooka, juu na chini limefunikwa kwa sahani za chuma zenye tundu katikati, na kuanzia chini hadi juu limezungukwa na mmea wa chuma unaotambaa, majani yake yana mishipa, maua yake yamefunguka. Wa winchi waliacha kazi wakaja kutazama. Bosi alitoka ofisini na miwani yake mkononi. Hata Shangazi, ambaye sifa kwake hutoka kwa shida kama meno, aliligusa jani moja akasema, “Fundi, hapa umeweza.”

Fundi akang'aa kabla hata ya zinki.

Akainama, akaweka shavu. Shangazi akapuliza.

“Inapita?”

“Haipiti.”

Nyuma yangu wa winchi mmoja akanong'ona, “Nimesema leo ya tatu.” Shangazi akapuliza tena. Haipiti. Akapaka mafuta kidogo midomoni, akapuliza mara ya tatu, na mimi nikashusha pumzi nikijua sasa mchezo umefika mwisho. Lakini yule bwana alikuwa amefumba macho na amezama mahali ambapo akili haifiki. “Haipiti,” akasema.

Shangazi akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilijua anaona nini: anaona mguu wa kiti.

“Ndani mna kitu,” akasema. “Nyigu wamejenga, au donge la chuma limeziba. Hii haiingii kwenye tangi. Leteni grainda, tuikate katikati.”

“Tuikate?” Fundi akafumbua macho.

“Si umesema haipiti?”

Hapo ndipo mwanaume angesema. Neno moja tu lilihitajika. Nilimkodolea macho, nikamtikisia kichwa, nikafanya kila kitu isipokuwa kumpiga kofi. Fundi akatazama vibarua waliomzunguka, akamtazama bosi, akamtazama Tindikali anayetafuna kitunguu saumu kama kawaida yake. Alikuwa anaogopa kuchekwa. Mtu huyo aliinama pale pale, akashuhudia grainda ikiikata kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya, cheche zikiruka, ua kubwa la katikati likigawanyika mara mbili, na hakusema kitu.

Vipande viwili vikaachana. Shangazi akapiga magoti kwenye kipande cha upande wa Fundi na kuweka jicho kwenye ule mdomo uliokatwa, atafute nyigu. Upande wa pili Fundi alikuwa bado chini, na kwa hofu naye akawa ameweka jicho kwenye tundu lake.

“Fundi,” Shangazi akasema ndani ya bomba.

“Naam.”

“Nakuona.”

“Na mimi nakuona,” akajibu Fundi, na Mungu amsamehe, alisema kwa furaha.

Shangazi akahamia kwenye kipande cha pili, akakichungulia nacho. Peupe. Akasimama taratibu, akajipangusa magoti.

“Ilikuwa inapita,” akasema. “Mara zote tatu ilikuwa inapita, wewe unasema haipiti.”

Fundi akainamisha uso.

“Unajua hapa ni wapi?” Akapandisha mkono wa gauni, lile kovu likatoka hadharani. “Hapa mtu akisema uongo, mwenzake anaungua!”

Tindikali akajaribu kusaidia. “Lakini Bi Tundu, tuseme kweli, uongo wake umekaa upande wa usalama. Kasema haipiti na inapita. Hajasema inapita na haipiti.”

“Nyamaza! Anayeweza kusema haipiti na inapita, kesho atasema inapita na haipiti. Njia ya mwongo ni fupi.” Akamgeukia Fundi, na sauti ikamshuka, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele. “Kuanzia leo kazi zako atapuliza Tindikali.”

Basi ikawa hivyo. Tindikali ana masharubu ambayo moshi wa dawa umeyafanya rangi ya njano, na anatafuna kitunguu saumu kibichi asubuhi hadi jioni kwa ajili ya mapafu. Fundi Mshono hakuacha kuja. Alikuwa analeta kibenchi au ndoano, anainama, anaweka shavu lake lililonyolewa, na kabla Tindikali hajamaliza kuvuta pumzi, Fundi ameshapiga kelele: “Inapita! Inapita!” Shangazi anapita karibu na uso mkavu, anatazama zinki. Tulicheka siku za mwanzo. Baadaye kicheko kikaisha, kwa sababu nyumbani nilikuwa nakiona ambacho wenzangu hawakioni. Shangazi alikuwa anaunguza wali. Mtu anayejua joto la tangi kwa kutazama rangi, akaunguza wali siku baada ya siku, na tunaula hivyo hivyo.

Jioni moja aliweka kijiko chini. “Nilimpenda, mwanangu,” akasema. “Ndiyo shida yangu. Angekuwa mtu mwingine ningecheka nikasahau. Lakini yule nilikuwa nimeanza kumpangia nafasi ya viatu.” Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniambia nisimwambie mtu.

Kesho yake nikaenda kumwambia mtu. Fundi alikuwa kibandani mwake amekaa kwenye kigoda kile kile tulichomchovyea, na vile vipande viwili vya nguzo vimeegemea ukuta, hajavigusa. Sikumsalimia.

“Wewe ulinyamaza kwa nini?”

“Niliona haya. Wangenicheka.”

“Kwa hiyo ukaacha ukatiwe nguzo.”

“Ndiyo.”

“Na sasa unaacha uchukuliwe mke na kitunguu saumu. Sikiliza, Fundi, hapa ni mawili. Uchekwe, au ukose. Mimi sina muda wa kula wali ulioungua mpaka nizeeke.”

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na njaa pia.

Haikupita wiki akaja na nguzo begani. Alikuwa ameiunga. Cha ajabu, Fundi Mshono, mfalme wa kuficha viungo, safari hii hakuficha. Mshono ulikuwa mnene, umezunguka bomba lote kama mkanda, na lile ua la katikati lilikuwa na kovu ambalo hata kipofu angelipapasa. Nikafunga kibao changu. Akailaza mahali pa ukaguzi, Tindikali akaja akifuta masharubu, akainama kupuliza.

“Subiri, mzee,” Fundi akasema. “Nina neno.”

Akavua kofia. “Nguzo ilikuwa inapita,” akasema kwa sauti kubwa, mpaka wa winchi wakageuka. “Nilisema uongo. Na sikuanza siku ile.”

Bosi akatokea mlangoni mwa ofisi yake. “Hukuanza siku ile?”

“Hapana. Ngazi ya kwanza ilikuwa inapita. Na ya pili.”

“Na reki?” akauliza wa winchi.

“Na reki.”

“Na tundu la kuku?”

“Sina kuku.”

“Na fimbo ya yule mzee?” nikauliza mimi.

“Mzee hayupo.”

Vicheko vilipasuka. Mlinzi alikuja mbio na baiskeli yake kutoka getini akidhani kuna ajali, akaelezwa, akaketi chini akacheka naye. Fundi alisimama katikati, masikio yamemwiva, akachekwa kicheko chote alichokuwa anakiogopa, akakimaliza. Shangazi alikuwa amekunja mikono. Hakucheka.

“Kwa nini?” akauliza.

“Kwa sababu nilitaka upulize tena,” Fundi akasema. “Hakuna kingine ndani. Ukitaka, unichungulie.”

Kicheko kikapungua. Tukawa tunamtazama Shangazi, na Shangazi anaitazama nguzo. Nikaona anauma mdomo, ile midomo ambayo siku hizi ilikuwa imeacha kupakwa mafuta. Alikuwa karibu kugeuka aende zake, namjua. Tindikali, ambaye bado alikuwa amechutama kwenye tundu lake, akajikuna kidevu.

“Ila na mimi niulize, Bi Tundu,” akasema taratibu. “Nguzo hii imenyooka. Fimbo ilinyooka, mpini wa reki ulinyooka. Kitu kilichonyooka, sheria uliyotufundisha mwenyewe ni kuchungulia. Kinachopulizwa ni kilichopinda.” Akamtazama kwa macho ya mtu asiye na hila yoyote. “Wewe ulikuwa unapuliza kwa nini?”

Nakuambia, zinki ilisikika ikichemka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa pale mlangoni siku zote hizo nikimcheka Fundi, na hilo halikunijia. Nikakumbuka tangawizi, nikakumbuka kichupa cha bafuni. Shangazi akatazama paa. Akatazama tangi.

“Fanya kazi yako, mzee,” akasema.

“Kazi yangu siku hizi ni kupuliza,” Tindikali akajibu.

Shangazi angeweza kusema uongo. Zilikuwepo sababu nyingi za kutunga, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumpinga. Akakunjua mikono.

“Na mimi nilitaka,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Bosi alisema haya, kila mtu kazini, na hakuna aliyesogea, hata yeye. Shangazi akamgusa Tindikali begani, na mzee akampisha. Akapiga magoti, akaufuta mdomo wa lile tundu kwa kiganja, kwa sababu ya kitunguu saumu. Upande wa pili Fundi akainama, akaweka shavu.

Shangazi akapuliza.

“Inapita?”

Fundi Mshono akafumba macho. Akakaa kidogo. Akayafumbua, akatutazama sote tuliomzunguka, vibarua, bosi, mlinzi na baiskeli yake.

“Inapita,” akasema. “Naomba tena.”

Shangazi akavuta pumzi.